Jirani Kibokoni 🕌

Bi Zuhura 19:02
Asalaam aleikum. Alhamisi baada ya Isha tuna kikao barazani. Vijana wataelezwa Mogadishu ya 1331, desturi ya bandarini ilivyokuwa sheria ya mji. Nani ana mikeka?

Bi Zuhura 19:40
Mmesoma nyote, alama naziona.

Salim 20:15
Kaimati zipo?

Bi Zuhura 20:16
Mikeka, Salim! Sikilizeni. Ibn Battuta, yule msafiri wa Morocco, alishuhudia: jahazi likitia nanga, vijana hulifuata na mashua, kila mmoja na sahani iliyofunikwa. Akishampa mfanyabiashara husema, huyu ni mgeni wangu. Basi mgeni hufikia kwake, na mwenyeji ndiye humuuzia na kumnunulia. Ukimpunja bei, au ukimuuzia mwenyeji hayupo, biashara hiyo hurudishwa. Sahani ya chakula ndiyo mkataba!

Mwanaisha 20:31
Sahani ya nini?

Bi Zuhura 20:33
Aliyoletewa yeye ni wali wa samli, kuku, nyama, samaki. Na ndizi mbichi kwa maziwa.

Salim 20:33
Kesho natafuta mashua 😂😂

Kassim 21:10
Na mgeni wangu, yule muuza tende, je? Mimi nilikuwa Lamu, hapo mtaani mzigo wake ukauzwa kwa bei ya kutupa.

Mwanaisha 21:11
Yarabi, tende tena

Bi Zuhura 21:12
Kassim, tusifukue.

Mwanaisha 21:14
Tena yule alishakuja mara tatu. Aliyeuzoea mji alifikia apendapo, hilo pia Ibn Battuta kaliandika.

Kassim 21:15
Ndiyo, na alipenda kwangu.

Salim 21:16
Zilikuwa tamu lakini

Ami Badi 22:04
Nimesoma yote. Wanazuoni wamesema al-ada muhakkama, desturi huhukumu. Kule Mogadishu, mambo ya sharia aliamua kadhi, mengine mawaziri na maamiri. La kumuuliza sultani aliandikiwa, na jibu likaja papo hapo, nyuma ya karatasi ile ile. Sisi tende zina miaka sita. Nilikuwepo zikiuzwa, nikanyamaza. Kassim ana haki.

Bi Zuhura 22:31
Naam, Ami.

Kassim 22:50
Ahsante, Ami.

Bi Zuhura 06:12
Sabalkheri. Mikeka?

Salim 07:45
Miwili ninayo. Wa tatu wa mama, nimuulize kwanza.

Jirani wa ghorofani 11:20
Samahani nimechelewa. Alhamisi hii au ijayo?