Malalamiko: Vyombo vya habari vinapima NFT kwa bei tu, kisha vinatucheka

Ndugu wanajukwaa,

Nimechoshwa na namna vyombo vya habari vinavyoandika kuhusu NFT, yaani hati za kidijitali za umiliki wa picha na kazi nyingine, zinazouzwa mtandaoni. Kila makala mpya hurudia dhihaka ileile, kwamba ni vikatuni vya nyani walivyouziwa wajinga na sasa havina thamani. Ukosoaji wenyewe sina ugomvi nao, kwani matapeli walikuwapo na watu wengi walilizwa. Kinachoniudhi ni kwamba wanaocheka leo ndio waliopiga vigelegele jana, na mara zote mbili kipimo chao kilikuwa bei.

Tarehe 11 Machi 2021 nyumba ya mnada ya Christie's iliuza NFT ya kazi ya msanii wa kidijitali Beeple kwa dola milioni 69.3, na tarakimu hiyo ndiyo iliyojaa kwenye vichwa vya habari. Ni waandishi wangapi walioeleza kwamba kazi ile ilikusanya picha 5,000 ambazo msanii huyo alizitengeneza moja kila siku kuanzia Mei 2007? Ni wangapi walioitazama na kusema kama ni nzuri au mbaya? Kisha Aprili 2022, NFT ya ujumbe wa kwanza wa Jack Dorsey, mwanzilishi mwenza wa Twitter, kwenye mtandao huo, ambayo mwaka mmoja kabla ilinunuliwa kwa dola milioni 2.9, ilirudishwa sokoni kwa dola milioni 48 na ofa za mwanzo zikawa za dola mia chache tu. Hapo wazo zima likatangaziwa msiba.

Mwaka 2023 jumba la Centre Pompidou la Paris liliingiza NFT katika makusanyo yake, ikiwamo CryptoPunk moja, kutoka katika mkusanyo wa vikatuni vya nyuso ambao mwaka 2017 ulikuwa ukigawiwa karibu bure. Kwa sheria ya Ufaransa, makusanyo ya taifa hayauzwi. Thamani ya kitu kilichomo humo haiwezi kusomwa kwenye soko, na mwandishi asiye na kipimo kingine hana la kutuambia.

Kuna pia hoja ya kwamba picha yenyewe kila mtu anaweza kuihifadhi kwenye simu yake. Ni kweli, kama mtu anavyoweza kupiga picha mchoro wa Tingatinga bila kuwa mwenye mchoro huo. NFT ni kumbukumbu iliyoandikwa kwenye blokucheni, daftari la kidijitali linalotunzwa na kompyuta nyingi kwa pamoja, inayoonyesha nani aliitoa, imepita mikononi mwa nani na sasa iko kwa nani. Haimpi mnunuzi hakimiliki isipokuwa masharti yaseme hivyo, na mara nyingi picha haimo kwenye blokucheni bali imehifadhiwa kwingine, mahali panapoweza kufungwa. Huo ni udhaifu mkubwa unaostahili kuandikwa kwa kina. Badala yake tunaletewa tena malalamiko kwamba NFT zinakula umeme mwingi, ilhali Ethereum, blokucheni inayobeba NFT nyingi, ilibadili mfumo wake Septemba 2022 na kupunguza matumizi yake ya nishati kwa zaidi ya asilimia 99.

Jambo linalonikera kuliko yote ni la mrabaha. Msanii aliahidiwa fungu, mara nyingi asilimia 5 hadi 10, kila kazi yake inapouzwa tena. Mchoraji anayeuza turubai mara moja na kuliona likipanda bei mikononi mwa wengine anaelewa uzito wa ahadi hiyo. Lakini malipo hayo yalitegemea hiari ya masoko, na masoko yalipoanza kugombea wateja, mrabaha ndio uliotolewa kafara, hadi Agosti 2023 OpenSea, soko kubwa la NFT, nayo ikatangaza kwamba haitaulazimisha tena. Wasanii waliporwa kipato mchana kweupe, na wahariri waliokuwa na nafasi ya kuchapisha kichekesho cha nyani hawakuwa na nafasi ya habari hiyo.

Wahariri, watafuteni wasanii hao. Waulizeni waliahidiwa nini, na nani, na ni nani aliyeamua kwamba ahadi hiyo ivunjwe, kisha andikeni watakachowajibu.