Hati ina jina la marehemu, wanaouza ni watoto wake: wakili aanzie wapi? (Njiro, Arusha)

mpangaji_njiro
Habari za leo wakuu. Naomba msaada wa wanaojua sheria za ardhi. Nataka kununua nyumba Njiro, bei tumekubaliana milioni 120. Hati ipo, nimeiona, lakini jina ni la mzee aliyefariki. Wanaouza ni watoto wake wanne, na mama yao yu hai. Wameniletea muhtasari wa kikao cha familia, wote wamesaini na serikali ya mtaa imegonga muhuri. Dalali anasema twende kwa wakili wao tusaini mkataba, nilipe nusu, jina la hati litabadilishwa baadaye. Je, muhtasari unatosha? Wakili mmoja anaweza kutuhudumia pande zote mbili? Kodi inalipwa na nani? Na ile asilimia 10 ya bei ambayo ofisi ya serikali ya mtaa hudai kwenye mauzo ni lazima?

Bikoni
Mkuu, usitoe hela yoyote kwa sasa, hata ya kushika nyumba.

Muhtasari wa familia unampendekeza mtu wa kusimamia mirathi, basi. Mamlaka ya kuuza anayapata kwa kuteuliwa na mahakama. Watoto wote wanne wakisaini mkataba leo bila msimamizi, umenunua kwa watu wasio na uwezo wa kisheria wa kuuza, na Msajili wa Hati hatapokea nyaraka zao.

Mwambie wakili wako awaombe wauzaji barua ya usimamizi wa mirathi, kisha aende kwenye mahakama iliyoitoa akasome jalada lenyewe. Ikiwa ni Mahakama ya Mwanzo, barua hiyo ni fomu namba 4. Hapa watu wengi wanaumia: Mahakama ya Mwanzo inasikiliza mirathi inayofuata sheria za kimila au za Kiislamu. Kama marehemu alikuwa Mkristo na maisha yake hayakufuata mila, uteuzi huo unaweza kupingwa na kutenguliwa kwa sababu ya mamlaka ya mahakama, na wewe umeshahamia. Aangalie pia kama kuna pingamizi la mrithi mwingine. Mtoto wa nje ya ndoa au mke wa pili huwa anaonekana kwanza kwenye jalada kabla hajaonekana getini.

Baada ya hapo msimamizi aandikishwe kwenye hati kama mwakilishi wa marehemu. Hati ikishasoma jina lake ndipo anaweza kukuhamishia.

Sambamba na hilo, ombeni upekuzi rasmi Ofisi ya Ardhi ya Mkoa. Hati mkononi haikuambii kama kuna rehani ya benki, zuio la mahakama au tahadhari iliyowekwa na mtu mwenye madai. Daftari la Msajili ndilo linaloonyesha. Kwa hati ya zamani, jalada linaweza kuchelewa kupatikana kwa sababu usajili wa Arusha ulikuwa ukifanyika Moshi kabla ya ofisi za mikoa kuanzishwa. Subirini tu. Halafu mchukue mpima aliyesajiliwa ahakiki bikoni (mawe ya mipaka) uwanjani dhidi ya ramani ya upimaji, hasa kama kiwanja kiko karibu na mto. Sheria ya Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 za kingo.

mpangaji_njiro
Asante sana Bikoni. Na mama yao? Wanasema hana haja ya kusaini kwa kuwa jina lake halimo kwenye hati.

Wakili_wa_Moshono
Jina lake kutokuwemo hakumwondoi. Yeye ni mjane na mrithi, na kama ameishi hapo na marehemu hiyo ni nyumba ya ndoa. Tena huenda ana sehemu yake mwenyewe kwa mchango wake, ambayo haiingii kwenye mirathi kabisa. Kisheria msimamizi anaweza kuuza bila saini ya kila mrithi, lakini mimi nisingemruhusu mteja wangu alipe bila ridhaa ya mama kwa maandishi, aisaini akiwa mbele ya wakili aliyemsomea na kumweleza. Kwa muuzaji aliye hai na mwenye ndoa anayeuza nyumba ya ndoa, ridhaa ya mwenza ni lazima chini ya kifungu cha 59 cha Sheria ya Ndoa ya 1971. Asiye na ndoa aape kiapo cha hali yake ya ndoa.

Kuhusu wakili mmoja: tafuta wako. Wa kwao ana wajibu kwao, na mkiingia kwenye mgogoro hataweza kukutetea. Hakiki kwenye mfumo wa e-Wakili wa Mahakama kama ana leseni hai ya mwaka huu. Na muhuri wake kwenye mkataba usikudanganye. Unathibitisha kwamba mlisaini mbele yake. Umiliki unahama siku Msajili anapoandika jina lako.

Mkataba utaje namba ya kiwanja na kitalu kama zilivyo kwenye hati, malipo kwa awamu zinazofungwa na hatua, na nani anabeba gharama gani. Mgawanyo unaofaa kwako: kiasi kidogo baada ya upekuzi safi na msimamizi kuandikishwa, sehemu kubwa fomu za uhamisho wa milki, namba 29, 30 na 35, zikishasainiwa, na salio hati ikitoka kwa jina lako. Pesa zipitie benki, kwenye akaunti ya wateja ya wakili au akaunti ya mirathi, kamwe si kwa mtoto mmojawapo.

Kadirio
Upande wa kodi. Kwanza itahitajika taarifa ya mthamini aliyesajiliwa, iliyoidhinishwa na Mthamini Mkuu wa Serikali. Mkiandika bei ya chini ili kukwepa, TRA (Mamlaka ya Mapato) wataitumia thamani hiyo iliyoidhinishwa, na ukidai kurudishiwa fedha siku moja, mkataba utakubana kwa bei uliyoandika.

Kodi ya faida ya mauzo ni ya muuzaji: asilimia 10 ya faida kwa mkazi. Muuzaji mkazi asiye na kumbukumbu za gharama hulipa asilimia 3 ya bei au thamani iliyoidhinishwa, iliyo kubwa. Kwa milioni 120 ni milioni 3.6. Ushuru wa stempu ni asilimia 1, yaani milioni 1.2, na kwa kawaida unalipwa na mnunuzi. Ulipe ndani ya siku 30 tangu kusaini. Mkataba usiolipiwa stempu haupokelewi mahakamani kama ushahidi. Hakikisha na TRA viwango vya mwaka wenyewe, maana Sheria ya Fedha huvigusa kila Julai.

Pango la ardhi la nyuma lilipwe na muuzaji kabla ya uhamisho. Kodi ya majengo hukatwa kwenye LUKU (umeme wa kulipia kabla), basi angalieni kama mita ina deni.

Ile asilimia 10 ya mtaa ni mazoea. Atakayeidai akuonyeshe sheria ndogo na akupe namba ya malipo ya Serikali.

kihamba_old
Nadandia hapa hapa. Na kihamba (shamba la ukoo la Wachagga) cha Kibosho kisicho na hati, je?

Bikoni
Hapo kama ni ardhi ya kijiji, anayeidhinisha ni Halmashauri ya Kijiji ikiwa imekaa kikao, na muhtasari wake uambatanishwe kwenye mkataba. Saini ya mwenyekiti wa kitongoji peke yake haitoshi. Majirani wa pande zote nne wasaini mipaka, mitaro ya mfongo (ya kumwagilia mashamba) na njia za kupita ziandikwe, na wanaukoo wenye haki ya kurithi wasaini kutokuwa na pingamizi. Ulizia pia makaburi. Yakiwepo, mkataba useme kama yatabaki na familia itaingiaje kuyahudumia.