Naombeni ushauri: nipange vipi dinosaria wakubwa kwenye bango la darasani?

Wakuu, nimekwama. Mjusi wetu wa Tendaguru, Lindi (dinosaria Giraffatitan), aliyesimamishwa makumbusho ya Berlin, ana kimo cha mita 13.27, na shingo ndiyo inayompaisha. Patagotitan wa Argentina anakadiriwa urefu wa mita 37, kutoka kichwa hadi mkia. Uzito wake ulitajwa tani 69 mwaka 2017, baadaye ukakadiriwa tani 57 hivi. Argentinosaurus huenda aliwazidi wote, lakini mifupa yake ni michache mno: pingili kadhaa za mgongo, mbavu, na mfupa wa mguu.

Nipange kwa kimo, urefu au uzito? Na huyu wa mifupa michache nimchore mzima, au sehemu zisizopatikana niziwekee nukta nukta? Natamani sana watoto watofautishe kilichopimwa na kilichokadiriwa. Walimu wa sayansi, mngefanyaje?