MREJESHO: Yule wa kukosa usingizi ugenini sababu ya deni na simu za nyumbani

Wakuu habari zenu. Kwa ambao hamkuiona ile mada, nafanya kazi nje, deni la ajenti aliyenitafutia kazi haliishi, simu za nyumbani zote ni za kuomba hela, silali. Mlioniambia nitafute ushauri nasaha wa muda mfupi asanteni sana aisee. Nilipata ule mpango wa Shirika la Afya Duniani wa vikao 5, anayeuendesha wala si lazima awe daktari, ni mtu kafundishwa tu, tukaongea kwa simu na kwa Kiswahili. Unaanza kupumua taratibu kwa tumbo (nilicheka kimoyomoyo ila mapigo yanatulia kweli) halafu mnatenganisha matatizo, lipi linatatulika lipi hapana, unashika moja. Mimi nikashika simu za nyumbani, tukaandika kabisa cha kumwambia braza: natuma mara moja kwa mwezi, basi. Alininunia weee, sasa kazoea. Usingizi umerudi, si wote. Deni liko palepale, maongezi hayalipi deni, na yule aliyesema niombe advansi kwa bosi, niliomba, kagoma. Mwenye swali kuhusu vikao aulize tu, nipo.