Mzee anataka kuagiza mambo yake, dada anasema tusikiri mauti. Nifanyeje?

Kijana wa Pongwe (mleta mada)

Wakuu, habari za jioni. Mimi ni msomaji wa kimya humu, leo limenifika. Uzi ni mrefu, mnivumilie.

Mzee wetu ana miaka 74, yuko Muheza kwenye shamba lake la michungwa. Ni Mwanglikana tangu ubatizo, amekuwa mzee wa kanisa mpaka miguu ilipomshinda. Alianza kwa kuamka usiku kila mara kwenda haja ndogo, tukasema ni uzee. Hospitali ya Bombo wakampima, PSA (kipimo cha damu cha tezi dume) ikawa juu mno, wakachukua kinyama cha kupima, majibu yakarudi saratani ya tezi dume. Ocean Road, hospitali ya saratani kule Dar, wakakuta imeshaingia kwenye mifupa ya kiuno. Amechomwa sindano za homoni, amepigwa mionzi ya kupunguza maumivu, na daktari akatuambia kwa upole bila kuficha: kuiondoa haiwezekani tena, kazi iliyobaki ni kuituliza ili mzee aishi vizuri siku alizo nazo.

Ugonjwa tumeupokea. Kinachotushinda ni nyumba.

Dada yetu mkubwa amehama Dar kuja kumuuguza. Kwa hilo Mungu ambariki, maana usiku hakuna anayemgeuza mzee ila yeye. Anasali kanisa la kiroho, na ameweka sheria: neno saratani halitajwi. Ocean Road inaitwa "kule". Kadi ya kliniki imelazwa kifudifudi juu ya kabati. Mgeni akiuliza hali, jibu ni "amepona kwa jina la Yesu". Anatusomea Mithali 18:21, mauti na uzima huwa katika uwezo wa ulimi, na anasema anayetaja kifo ndiye anayekifungulia mlango.

Mzee mwenyewe anataka kusema. Majuzi nilikuwa namkanda miguu, akaanza: "Mwanangu, lile deni la mabati kwa jirani halijaisha. Na mimi nataka nilale pale alipo mama yenu, msinipeleke mjini." Dada akaingia na uji. "Baba, usikiri mauti! Sema ninaishi." Mzee akasema, "Ninaishi," akageukia ukutani. Uji hakuunywa.

Nikimpa nafasi aseme, nitakuwa nimekosa imani? Nikinyamaza, je? Mdogo wetu wa mwisho ananiambia nisilete mgogoro. Wakristo nijibuni kwa Neno, wengine kwa busara, yote napokea. Matusi kwa dada yangu sitaki.

Jembe Butu

Uzeni shamba mpelekeni India. Mengine baadaye.

Mkonge Mkavu

Jembe Butu, soma uzi kwanza ndugu. Mzee ameshafika Ocean Road na jibu analo. Mkiuza shamba mtamzika wapi, kwenye risiti ya ndege?

Mama Upendo

Pole sana mdogo wangu. Mimi ni wa kanisa la kiroho, kwa hiyo nijibu kama mtu wa nyumbani kwa dada yako. Mungu anaponya, hilo sitalirudisha nyuma hata kidogo, nimeliona. Na kukiri ushindi tumefundishwa, ni kweli.

Lakini nikwambie kitu ambacho dada yako hatakisema. Anaogopa. Anayemgeuza mgonjwa usiku ndiye anayeiona mifupa ya mgongo. Wewe unakuja unamkanda miguu unarudi Tanga, yeye anabaki na harufu na miguno. Hiyo "amepona kwa jina la Yesu" ndiyo fimbo anayoegemea asianguke mbele ya baba. Ukienda kumnyang'anya kwa mistari ya Biblia mtagombana, na mzee atasikia kila kitu. Mpe kwanza usiku mmoja alale. Kaa wewe na mzee. Halafu ndiyo mzungumze.

Ila huo uji usionywewa umenichoma. Mzee wa kanisa aliyewaombea watu miaka yote hiyo leo anafundishwa cha kusema kama mtoto wa Jumapili!

Mlei wa Kawaida

Umeomba Neno, nami nitakupa, maana mstari mmoja wa Mithali umebebeshwa mzigo usio wake. Ile sura inazungumzia ugomvi, uchongezi na kesi za watu, jinsi ulimi unavyojenga na kubomoa. Haijasema mgonjwa akitaja kaburi lake atakufa upesi.

Fungua Waebrania 11, sura ambayo kila mhubiri wa imani anaipenda. Abrahamu yumo, Musa yumo, Rahabu yumo. Sasa nenda mstari wa 22 uone Yusufu kaingia kwa lipi. Yule mtu aliota ndoto, akatoka gerezani, akaokoa Misri na njaa. Vyote hivyo havikutajwa. Kilichotajwa ni kwamba alipokuwa karibu na kufa alizungumzia safari ya wana wa Israeli na akaagiza kuhusu mifupa yake. Basi. Agizo la mazishi limehesabiwa kuwa imani, tena kwa jina lake. Na agizo lilitekelezwa: Musa akaichukua mifupa wakati wa kutoka (Kutoka 13), ikaja kuzikwa Shekemu (Yoshua 24).

Yakobo baba yake naye, Mwanzo 49, aliwaita wanawe akawaambia wamzike katika pango la shamba la Makpela, alikomzika Lea. Si ndicho anachotaka mzee wako? Alale alipo mama yenu.

Na kama dada anataka habari ya uponyaji, asome Isaya 38. Mfalme Hezekia anaugua, nabii anamwambia, "Tengeneza mambo ya nyumba yako, maana utakufa, wala hutapona." Hakuna aliyemkemea Isaya kwamba amekiri mauti. Mfalme akaomba akilia, akaongezewa miaka 15. Halafu watu wengi huishia hapo, hawafiki mstari wa 21 ambapo nabii huyohuyo anaagiza tini ziwekwe juu ya jipu. Maneno ya kifo, maombi, machozi na dawa, vyote katika sura moja, na havikugombana.

Ushauri wangu wa vitendo: mwiteni padri. Yakobo 5:14 inasema mgonjwa awaite wazee wa kanisa wamwombee na kumpaka mafuta, na anayeita ni mgonjwa mwenyewe. Kwa hiyo muulize mzee anamtaka nani. Padri amletee Ushirika Mtakatifu nyumbani, ampake mafuta, kisha akae naye peke yake faraghani. Hapo mzee atasema yote na dada hatakuwa na la kukatiza. Kupakwa mafuta ni kuomba uponyaji, kwa hiyo dada mwenyewe hatakataa.

Mwarobaini

Ndiyo maana mimi dini niliacha. Zinawachelewesha watu hospitali, na wakifika kufa zinawaziba midomo.

Bint Pangani

Mwarobaini, punguza. Pole sana kaka wa Pongwe. Mimi ni Muislamu, nilichokiona kwetu ni hiki: mtu akiwa na deni au amana ya watu, kuusia ni jambo la kuhimizwa akiwa mzima wa afya, seuze mgonjwa. Babu yangu alituita, akasema fulani ananidai kiasi hiki, mashua ile ina mwenza, halafu akaagiza samaki wa kukaanga akala. Aliishi baada ya hapo muda mrefu tu, akawa anatukumbusha kila mara tusije tukasahau.

Lile deni la mabati likalipwe kesho. Usilisubirie kikao cha ukoo. Ukirudi umwambie mzee, "Baba, mabati nimemaliza." Sentensi hiyo haina kifo ndani yake, dada hawezi kuikemea, na mzee atajua amesikika.

Mkonge Mkavu

Bint Pangani umemaliza. Niongeze tu kuhusu shamba: Muheza tunajuana, michungwa ikikosa mwenyewe ndugu wa mbali wanaota kama magugu. RITA, wakala wa serikali wa vizazi, vifo na udhamini, wanaandika na kutunza wosia, au tafuteni wakili. Mzee aseme akiwa na akili timamu na mashahidi wakiwepo. Kuhusu miti ipi ni ya nani mtajuana wenyewe.

Nesi wa Zamu

Nimechelewa, nilikuwa zamu. Nianze na Mwarobaini: kuchelewesha wagonjwa kupo, tunaona kila wiki, sikubishii. Lakini hiki anachohitaji mzee huyu, tiba shufaa, yaani kutuliza maumivu na kumfariji mgonjwa asiyeponyeka, kimesukumwa sana na watu wa imani. Cicely Saunders, aliyefungua St Christopher's, nyumba ya kuwatunza wagonjwa wa aina hiyo kule London, mwaka 1967, alikuwa Mkristo aliyeanzia kwenye uuguzi. Hapa nyumbani, hospitali za makanisa ni miongoni mwa zilizotangulia kuwafuata wagonjwa majumbani. Hospitali Teule hapo Muheza wana historia ndefu ya huduma hiyo, mleta mada, na mko jirani. Nendeni mkaulize.

Sasa mambo ya kitandani. Mzee anameza nini kwa maumivu? Hukusema, na hilo limenitia wasiwasi. Saratani iliyoingia mifupani haitulizwi na panado. Kuna mofini ya maji, inanywewa kila baada ya saa 4 kwa kipimo alichopangiwa na mtaalamu. Ndugu wengi wanaikataa wakidhani ni dawa ya kumalizia mtu au atakuwa teja. Ikipimwa sawasawa haimuui wala haimfanyi teja. Siku za mwanzo atasinzia, kisha anazoea. Kitakachomsumbua ni choo kigumu, kwa hiyo mofini na dawa ya kulainisha choo ziende pamoja tangu siku ya kwanza.

Jambo moja la dharura, liandikeni mahali dada ataliona. Mzee akisema miguu inakufa ganzi au inalegea ghafla, au haja ndogo imegoma, au maumivu ya mgongo yamebadilika yakawa makali mno, mpelekeni hospitali saa hiyohiyo. Huenda uvimbe unabana uti wa mgongo, na mkichelewa miguu hairudi. Ombeni mkiwa kwenye gari.

Na kwa dada: mgonjwa mwenye maumivu hawezi hata kusali. Nimewaona wengi wakirudia Zaburi zao baada ya dozi kukaa sawa.

Kijana wa Pongwe

Wakuu, nimesoma yote, mengine mara mbili. Mabati yamelipwa. Nilipomwambia mzee aliniuliza, "Amekupa karatasi?" Nikamwonyesha, akaomba miwani, akaisoma mpaka chini kwenye sahihi, akaiweka chini ya mto.

Mama Upendo, nililala Muheza Ijumaa na Jumamosi, dada akalala chumba cha nje. Aliamka saa nne asubuhi amevimba macho. Sikumsomea mstari wowote. Nilimwambia tu padri anakuja kumpaka baba mafuta, akasema sawa, ila na yeye atakuwepo kuomba. Nikasema awepo, kisha tutoke sote tumwache mzee na padri. Alinyamaza, halafu akauliza kama padri anakula kuku. Nimechukua hiyo kama ndiyo.

Waebrania 11:22 nitamwachia padri aitaje. Ikitoka kwangu itakuwa ubishi.

Nesi, alikuwa anameza panado na diklofenaki za dukani. Teule tumekwenda, wamempa mofini ya maji. Swali: dozi ya usiku wa manane lazima tumwamshe? Dada anasema akilala ni dhambi kumuamsha, na kwa hili nakubaliana naye.

Nesi wa Zamu

Diklofenaki acheni mpaka daktari aseme, figo za mzee mwenye tezi dume si za kuchezea. Kuhusu usiku, waulizeni waliompa. Kwa kawaida ile ya kulalia huongezwa mara mbili ili ya usiku wa manane irukwe, lakini wakubali wao kwanza, msijipimie. Pimeni kwa bomba la sindano lisilo na sindano, kijiko cha chai kinadanganya. Na muwe na daftari: saa, kiasi, maumivu yalikuwaje. Mpeni dada ndiye aandike.