Kwa nini majogoo yote yana michirizi na mitetea yote ni meusi?

Mfugaji wa Mbagala: Wakuu, habari za leo. Jogoo wangu mweusi tii, mtetea ana michirizi myeupe na myeusi. Vifaranga 9 wamekua: majogoo 4 yote yana michirizi kama mama, mitetea 5 yote ni meusi. Jirani anasema mtetea alipandwa na jogoo mwingine. Kweli?

Mzee wa Banda, Kigamboni: Si lazima ndugu yangu, jogoo wako anaweza kabisa kuwa baba. Jeni la michirizi hukaa kwenye kromosomu Z (kromosomu ni nyuzi zinazobeba jeni; Z na W ndizo za jinsia kwa kuku). Jogoo ana Z mbili, mtetea ana Z moja na W. Z ya mama huenda kwa wanawe wa kiume tu. Binti hupata W, na Z yake hutoka kwa baba asiye na michirizi. Uzao ujao tazama vichwa siku ya kwanza: weusi wenye doa jeupe utosini ni majogoo. Mimi huwatenga hapo hapo!

Dada wa Tegeta: Ukigeuza, jogoo wa michirizi asiye chotara kwa mtetea mweusi, wote watatoka na michirizi, hutawatofautisha hivyo.

Mfugaji wa Mbagala: Asanteni sana. Jioni nampelekea jirani maelezo haya.