Mjadala: Kasisi wa Virginia alidhulumiwa mshahara wake wa tumbaku, au alitaka kushibia ukame?

MLETA MADA:
Wakuu, kuna jamaa kanibishia kijiweni kwamba walowezi wa Kiingereza kule Marekani hawakuwa na pesa, walibadilishana mali kwa mali tu, toa kuku nikupe mahindi. Nakataa. Sarafu zilikuwa adimu kweli, maana Uingereza haikuruhusu zake zipelekwe makoloni. Lakini Virginia, mojawapo ya makoloni hayo, walikuwa na tumbaku, na ilikuwa pesa hasa: kodi, faini, deni la dukani, vyote vilihesabiwa kwa ratili (kipimo cha uzito, karibu nusu kilo). Kwa sheria ya 1730 mzigo ulipelekwa ghala la serikali, mkaguzi anafungua pipa, majani mabovu yanachomwa moto, mazuri yanaandikiwa hati. Hati hizo ndizo zilizopita mkono kwa mkono. Hapo kuku yuko wapi?

Sasa mada yenyewe. Kasisi wa Anglikana, kanisa rasmi la koloni, alilipwa kwa sheria ratili 16,000 kwa mwaka. Bei ikianguka, anameza mate. 1758 ukame ukapiga, tumbaku ikaadimika, bei ikapaa. Baraza la Virginia likapitisha sheria ya mwaka mmoja: anayedaiwa tumbaku alipe peni 2 kwa kila ratili, basi. Pigeni hesabu (paundi moja enzi hizo ilikuwa peni 240): ratili 16,000 kwa bei ya sokoni ya peni 6 ni paundi 400, kwa peni 2 ni 133. Mfalme wa Uingereza aliifuta sheria hiyo. Kasisi James Maury akafungua kesi Hanover, wilaya ya Virginia, mahakama ikakubali kwamba anadai. Desemba 1763 wazee wa mahakama wakaketi kupanga fidia, upande wa pili akasimama wakili kijana, Patrick Henry. (Hakimu alikuwa baba yake mzazi, hilo nawaachia.) Wakampa kasisi peni 1.

Mimi nasema kadhulumiwa mchana kweupe.

MDAU:
Kadhulumiwa na nani? Mkulima kavuna kiduchu, deni liko palepale kwa ratili. Atoe wapi? Halafu sheria ile iligusa kila mdai wa tumbaku, mbona waliopiga kelele zaidi ni wenye majoho? Na Hanover ilijaa Wapresbiteri, Wakristo wa dhehebu jingine, watu wasiokanyaga kanisani kwa kasisi Jumapili lakini wanakatwa kodi ya mshahara wake. Hata hiyo peni ni hisani.

MDAU MWINGINE:
Mnagombania ratili 16,000 kama vile ziliota zenyewe. Miche ile ilihamishwa, ikapaliliwa na kuondolewa wadudu kwa mkono, na wengi wa walioifanya kazi hiyo ni watumwa Waafrika wasiolipwa hata jani. Mkulima wako huyo mnayemhurumia, shambani alikuwa na nani?

MLETA MADA:
Hilo la watumwa sina ubishi nalo, na kasisi mwenyewe hayumo katika wanaoweza kujitetea hapo.

Ila kwa mdau wa kwanza: usinipeleke kwenye majoho. Hata 1755 Baraza lilikuwa limeshapitisha sheria ya namna hiyo, ya miezi kumi. Tumbaku ikipanda, mkataba unasomwa kwa peni. Ikishuka, unasomwa kwa ratili. Nionyeshe mwaka mmoja tu wa mavuno tele ambao Baraza lile lilimwongezea kasisi peni ya kufidia bei iliyoanguka, nami nitafuta mada.